Stashahada ya ng'ambo na mlango wa chuo kikuu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa nchini Tanzania, kwa kawaida mwezi Julai, dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa, na wazazi wa Makamba, Mabanda, Nyanza-Lac na Rumonge huanza kuulizana swali moja: huyu kijana wetu aliyesoma chuo ng'ambo ya mpaka, chuo kikuu kitampokea au hakitampokea? Mzungumzwaji hapa si yule aliyemaliza kidato cha sita. Ni yule aliyeishia kidato cha nne, akaingia chuo cha kati, akasoma uhasibu, afya, kilimo au ualimu, na sasa anakaribia kupata stashahada. Huyu ndiye anayesumbuka kuliko wote, kwa sababu yuko katikati ya mifumo miwili ambayo haijakubaliana hata juu ya maana ya kumaliza shule.

Idadi ya familia zinazoguswa na jambo hili si ndogo. Kati ya mwaka 2002 na 2009 Warundi wapatao nusu milioni walirejea kutoka ukimbizini, wengi wao wakitokea Tanzania. Wengine zaidi ya 50,000 wa kundi la mwaka 1972, waliokuwa wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walichagua kurudi baada ya mpango wa mwaka 2007. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Tangu mwaka 2017 wimbi jingine la watu zaidi ya laki mbili limerejea kutoka nchi jirani. Watu hao walirudi na watoto, na watoto walirudi na vyeti. Ukiongeza wafanyabiashara wanaovuka Mugina na Kobero kila wiki, ambao wengi huona nafuu kumsomesha mtoto Kasulu au Kigoma kwa ndugu, utaona kwamba hili ni suala la umma, si la mtu mmoja mmoja.

Mimi ni mwalimu, na elimu yangu yote ya msingi na sekondari niliipata Tanzania. Kwa sababu hiyo wazazi huniletea bahasha za vyeti wakitaka niwasomee. Nimeziona nyingi kiasi cha kuweza kusema kwamba tatizo la vijana hawa mara chache ni kufeli. Wengi wamefaulu. Tatizo ni hesabu ya miaka, aina ya mlango na usahihi wa karatasi.

Miaka mingi, ngazi fupi

Tuanze na hesabu. Mwanafunzi wa Tanzania amekuwa akisoma shule ya msingi miaka 7, kisha kidato cha kwanza hadi cha nne miaka 4, jumla miaka 11. Akitaka kwenda chuo kikuu kwa njia ya kawaida, huongeza kidato cha tano na cha sita, ikawa miaka 13. Uganda nayo ni 7, 4 na 2. Hapa kwetu zamani ilikuwa miaka 6 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 3 ya juu. Tangu mageuzi ya mwaka 2013 tunayo miaka 9 ya shule ya msingi na 3 ya baada ya hapo, jumla 12. Mwishoni kuna Mtihani wa Taifa, na diploma inayotokana na mtihani huo ndiyo ufunguo wa elimu ya juu.

Sasa mchukue kijana aliyemaliza kidato cha nne Tanzania akaingia chuo cha kati. Kwa kawaida atasoma miaka 3: astashahada ya awali, astashahada, na mwisho stashahada, yaani ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 katika mpangilio wa tuzo za ufundi wa nchi hiyo. Jumla amekaa darasani miaka 14. Lakini akija hapa na karatasi zake, karani anaweza kumwambia kwamba hajamaliza sekondari, kwa kuwa kidato cha nne hakilingani na mwisho wa sekondari yetu na hana diploma ya Mtihani wa Taifa. Aliyesoma miaka 14 anawekwa nyuma ya aliyesoma 12.

Karani huyo hana ubaya wowote. Anafuata mantiki ya mfumo wake. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa Kibelgiji na Kifaransa, chuo kikuu kina mlango mmoja mkubwa, nao ni mtihani wa mwisho wa sekondari. Kilichofuata baada ya sekondari hakichukui nafasi ya mtihani huo. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa Kiingereza kuna milango kadhaa: kidato cha sita, stashahada, na hata mtihani maalumu wa watu wazima. Makerere, kwa mfano, imekuwa na utaratibu wa kumpokea mwenye stashahada, na mwingine wa mtu aliyetimiza miaka 25 ambaye hufanya mtihani wa kuingia hata kama hana cheti cha kidato cha sita. Kijana wetu alipoanza chuo cha kati alikuwa anatembea kuelekea mlango wa pili. Aliporudi nyumbani, mlango huo haukuwepo ukutani.

Kufaulu stashahada si kufuzu chuo kikuu

Wengi wanaamua kuomba huko huko Tanzania. Ni uamuzi wenye busara, lakini masharti yake lazima yafahamike mapema, ikiwezekana mwaka wa kwanza wa chuo na si mwezi wa mwisho.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayoweka viwango vya chini. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye pointi zisizopungua 4. Kwa mwenye stashahada ya kawaida, kiwango ni wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne kwa alama ya D au zaidi. Stashahada ambazo hazitumii GPA, zikiwemo baadhi za ualimu, zina vipimo vyake. Juu ya hapo kila chuo kikuu huongeza masharti ya fani yake. Anayetaka shahada za afya, kwa mfano, ataulizwa pia fizikia, kemia na baolojia za kidato cha nne.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Stashahada hutolewa hata kwa mwenye GPA ya 2.0. Kijana anavaa joho, mzazi anachinja mbuzi, na hakuna anayewaambia kwamba kati ya 2.0 na 3.0 kuna bonde. Mwenye 2.9 amefaulu chuo, lakini shahada hawezi kuanza moja kwa moja. Hata hivyo, hajaangukia shimoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina programu ya msingi ambayo mwenye stashahada ya GPA ya 2.0 anaweza kuisoma. Akipata humo GPA ya 3.0, mlango wa shahada unafunguka. Gharama yake ni muda zaidi na karo zaidi, na kwa familia inayoishi kwa biashara ya mafuta ya mawese na dagaa, hiyo si gharama ya kupuuza.

Mtego wa pili ni namba. Mwenye stashahada hawezi kujaza fomu ya maombi kwa kuandika tu jina la chuo chake. Anatakiwa kuwa na namba ya uthibitisho wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ambalo zamani liliitwa NACTE. Namba hiyo haipatikani mpaka chuo kiwe kimepeleka matokeo ya mwanafunzi kwenye baraza. Chuo kikichelewa, mwanafunzi anachelewa. Nimemwona kijana aliyemaliza vizuri akikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu chuo chake hakikupeleka matokeo kwa wakati, na dirisha likafungwa yeye akiwa bado anapiga simu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asisubiri cheti chenye muhuri wa dhahabu. Aulize ofisi ya taaluma mambo mawili: matokeo yetu yatapelekwa lini, na majina yetu yameingizwa vipi kwenye mfumo. TCU huwa na awamu zaidi ya moja za udahili, na wenye stashahada mara nyingi hujikuta kwenye awamu ya pili kwa kuwa matokeo yao hutoka baadaye. Nafasi za fani zinazogombewa huwa zimepungua wakati huo. Na tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi yake chuoni moja kwa moja. Akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, ni lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu. Wapo waliochaguliwa wakapoteza nafasi kwa sababu namba ya simu waliyoandika ilikuwa ya mjomba aliyevuka mpaka na kubadilisha laini.

Aliyesoma kambini

Kundi la tatu lina mzigo mzito zaidi. Nalo ni la waliosoma kambini. Tanzania iliamua kwamba watoto wa wakimbizi katika kambi za Kigoma wasome mtaala wa nchi yao ya asili, kwa nia ya kuwaandaa kurudi. Nia hiyo ilikuwa na mantiki: mtoto akirudi, ataendelea pale alipoishia. Lakini kijana aliyetoka humo na vyeti vya mtaala wa Burundi, kisha akataka kusoma chuo cha Tanzania, hana namba ya mtihani wa kidato cha nne, na fomu nyingi za huko huanza kwa kuuliza namba hiyo.

Njia ipo, nayo ni ulinganifu, ambao wengi wetu tunauita ekivalansi. Kwa vyeti vya sekondari ya nje, anayehusika ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kwa stashahada ya nje ni NACTVET, na kwa shahada ni TCU. Kwa upande wetu ipo tume ya taifa inayolinganisha diploma na vyeti vya nje. Kila ofisi inataka vyeti halisi, si nakala peke yake, na pale lugha inapotofautiana inataka tafsiri. Ndiyo maana nasema ulinganifu si jambo la wiki ya kuomba chuo. Ni jambo la mwaka uliotangulia. Mimi mwenyewe niliporudi, ofisi moja ilikaa na vyeti vyangu miezi kadhaa ikijaribu kuelewa kidato cha nne ni kitu gani, na shule iliyokuwa tayari kuniajiri haikuningoja.

Jina moja, karatasi mbili

Jambo la majina linaonekana dogo mpaka likukute. Tanzania mtu huandikwa jina lake, la baba na mara nyingi la babu. Hapa kwetu kila mtu ana jina lake la Kirundi na la ubatizo, na si lazima afanane na baba yake hata kwa herufi moja. Ukimbizini wengi waliandikisha watoto kwa desturi ya wenyeji, na wengine waliacha majina ya Kirundi kabisa ili mtoto asichekwe shuleni. Aliyeitwa Yohana Petro kwenye cheti cha kidato cha nne leo ana kitambulisho kinachosema Jean Ndayizeye. Kwa mama yake ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili, na mmoja wao anashukiwa kuiba vyeti vya mwenzake.

Na mashaka hayo yana sababu. Mwezi Aprili 2017, serikali ya Tanzania ilitangaza majina ya watumishi zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Katika hali hiyo usitegemee ofisa wa udahili akubali maelezo ya mdomo kuhusu jina. Anayehusika atengeneze hati ya kiapo au hati ya kubadili jina mbele ya mamlaka inayokubalika, kabla ya kuomba chuo, na nyaraka zote zinazofuata zifuate jina hilo hilo, herufi kwa herufi.

Jumuiya imeahidi nini

Msomaji anaweza kuuliza: Je, Jumuiya ya Afrika Mashariki haikumaliza mambo haya? Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina kipengele kinachozitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya elimu na taaluma vya wenzao. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala liliandaa mfumo wa viwango vya sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2015. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi wakiwa Dar es Salaam walitangaza kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu.

Hayo yote ni ya kweli, na si maneno matupu. Mfumo wa viwango unawapa maofisa lugha ya pamoja: stashahada ya ngazi fulani hapa ilingane na ngazi fulani kule. Lakini mfumo haumdahili mtu. Anayedahili ni chuo kikuu, na anayekiruhusu ni baraza au tume ya nchi yake. Nchi ambayo sheria zake zinatambua mlango mmoja tu haitaufungua wa pili kwa sababu Kampala kuna jedwali. Lazima ibadilishe kanuni zake yenyewe. Hapo ndipo ahadi ya mwaka 2017 ilipokwama kwa mwenye stashahada.

Aidha, ngazi zenyewe zinaendelea kusogea. Kenya inaacha mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tanzania, kwa sera ya elimu toleo la 2023, inaelekea kwenye shule ya msingi ya miaka 6 badala ya 7. Jedwali lolote la ulinganifu lisiporekebishwa mara kwa mara litakuwa limepitwa na wakati kabla mtoto aliye darasa la tatu leo hajafika chuo.

Binamu wawili

Kuna upande wa fedha ambao hauzungumzwi sana. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa mwaka 1972 wapatao 162,000. Katika familia nyingi ndugu mmoja alichukua uraia akabaki Mishamo, mwingine akarudi. Leo watoto wa ndugu hao wawili wanaweza kusoma chuo kimoja na kupata GPA ile ile. Wa kwanza anaruhusiwa kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kuwa ni raia. Wa pili ni mgeni, mkopo huo haumhusu, na analipiwa kwa faranga zinazobadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya siku hiyo. Tofauti haiko kichwani mwa watoto. Iko kwenye uamuzi ambao wazazi wao waliufanya wakati watoto hawajui hata kusoma.

Silaumu nchi yoyote kwa kuwakopesha raia wake. Nasema tu kwamba aliyechagua kurudi kujenga nchi hapaswi kukuta nchi hiyo ndiyo isiyo na mlango kwa mtoto wake. Kama mwenye stashahada angepokelewa hapa nyumbani, hata kwa kusoma kwanza mwaka mmoja wa maandalizi na Kifaransa, fedha nyingi zingebaki hapa, na kijana naye angebaki.

Nini kifanyike

Kwanza, wizara inayohusika iandike kanuni iliyo wazi juu ya mwenye stashahada kutoka nchi ya Jumuiya: anaingia wapi, kwa wastani gani, na kwa mtihani upi kama mtihani unahitajika. Kukataliwa kwa kanuni ni afadhali kuliko kuzungushwa bila kanuni, kwa maana anayekataliwa hujua aelekee wapi.

Pili, huduma ya ulinganifu isogezwe kusini, waliko waliorudi. Mtu wa Nyanza-Lac asilazimike kulala Bujumbura kwa ajili ya muhuri. Na uthibitisho wa vyeti ufanywe kati ya baraza na baraza kwa njia ya kompyuta, badala ya mwanafunzi kupanda basi hadi Dodoma au Dar es Salaam akiwa na vyeti halisi kwenye mkoba.

Tatu, vyuo vya kati vinavyopokea watoto wetu viwaambie siku ya kwanza kwamba 2.0 ni ya kupata cheti na 3.0 ni ya kuendelea mbele. Na sisi wazazi tuulize hivyo kabla ya kulipa karo.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kwamba mambo haya yanawezekana. Mwenye mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi dola 2,000 hupewa hati rahisi ya uasilia na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kule Kobero na Kabanga maofisa wa nchi mbili hufanya kazi katika kituo kimoja, ili gari lisikaguliwe mara mbili. Serikali zetu zilikaa, zikakubaliana kuamini gunia la mahindi kwa karatasi moja. Cheti cha kijana aliyekaa darasani miaka 14 kinastahili kikao kama hicho, na dirisha la Julai halisubiri mtu.